Wavu wa Bana Mulenga

Tarehe mosi ya mwezi wa tatu, siku ziwa lilipofunguliwa tena kwa uvuvi na mitumbwi ikarudi majini, tulimzika mama mukubwa wangu, Felista. Wanaume walikuwa wachache kaburini. Siwalaumu. Walikuwa wamekaa msimu mzima bila kutupa wavu, na siku ya kwanza ndiyo siku ya samaki wengi. Waliokuja walichimba haraka, wakaimba haraka, wakanawa mikono na kuteremka ziwani na nguo zao za mazishi.

Kule kaburini sikulia. Nililia baadaye, nyumbani, kwa sababu ya harufu. Nyuma ya ua wetu jirani alikuwa anamalizia wavu wake, anachoma ncha za nyuzi za nailoni kwa kiberiti ili zisifumuke. Harufu ikapita juu ya uzio wa matete ikanikuta nimekaa mkekani pamoja na wanawake wa matanga. Nailoni ikiungua inanuka kama nywele na kama plastiki, inakwama kooni. Kwangu hiyo ilikuwa harufu ya vidole vya mama mukubwa, miaka yote. Nilipokuwa mdogo niliamini ni harufu ya kosa.

Nitaeleza kwa nini. Nitaeleza jinsi nilivyoona wakati ule, hata pale nilipoona vibaya.

Tulivuka ziwa na mpaka kutoka upande wa Pweto, kwetu Wakongomani, wakati wa vita, mama yangu, dada yake mkubwa na mimi. Mimi nilikuwa mgongoni, sikumbuki chochote. Ninachokumbuka ni Nchelenge tu: nyumba ya vyumba viwili karibu na mahali mitumbwi inapofikia, bati linalolia jua likipanda, na chisense, vile visamaki vidogo, vimeanikwa mchangani kila mahali mpaka hata chai inanuka samaki. Mama alinunua chisense kavu na kuipeleka Kawambwa na Mansa. Alikuwa anaondoka, anakaa huko, anarudi amekonda. Kwa hiyo aliyenilea ni mama mukubwa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, aliyenipeleka shule, aliyejua ni jino gani linaniuma.

Kazi yake ilikuwa kushona nyavu za watu. Ba Chanda, mwenye mitumbwi, alimletea nyavu zilizochanwa na mamba au na visiki, naye anakaa mlangoni na sindano ya mti iliyojaa uzi, na kibao kidogo cha kupimia macho ya wavu, yaani yale matundu. Kibao kile kilikuwa kimelainika kama sabuni. Anazungusha uzi, anakaza, anachoma ncha, anaendelea. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Zamani, nilisikia, alikuwa na redio na alikuwa anaimba nayo, lakini mama alipoingia kanisa la maombi alisema nyumba yake haitasikia tena nyimbo za baa, na redio ikauzwa.

Ninyi mliokulia ufukweni mnajua mambo ya macho ya wavu. Kwetu hata mtoto asiyejua kusoma alijua kupima. Vidole vitatu vya mtu mzima vikipita pamoja, wavu ni mzuri. Visipopita, huo ni wavu wa kuua watoto wa samaki, na watu wa serikali wakiukuta wanauchoma pale kwenye mchanga, mbele ya watu wote. Na ziwa likiwa limefungwa ili samaki wazaliane, wavu wowote mpya unaofichwa ndani ni kesi. Nilikuwa nimeuona moshi wa nyavu zile mara nyingi. Ni moshi mweusi, unatambaa chini kabla ya kupanda.

Sisi Wakongomani ndio tuliokuwa tunashukiwa kwanza. Wasichana wa jirani walikuwa na mchezo wao. Wakiniona nimevaa gauni jipya wanalishika pindo, wanaweka vidole kama wanapima macho yake, halafu wanasema kwa Bemba kwamba hili halipiti, lichomwe. Waliniuliza kama ni kweli kwetu watu wanavua kwa mapazia ya harusi. Nilicheka nao. Ukiwa mgeni unacheka.

Msimu ule wa kufungwa kwa ziwa, Ba Chanda alichukua nyavu zake zote mapema akazifungia stoo. Hapakuwa na wavu wa mtu yeyote nyumbani kwetu. Lakini vidole vya mama mukubwa viliendelea kunuka nailoni.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza. Mchana, jua linapokuwa kali na watu wote wamelala au wako sokoni, alifunga mlango. Aliniweka nje, juu ya kinu kilichopinduliwa, akaniambia mtu akiingia uani nimkaribishe kwa sauti kubwa. Nilijua maana ya kazi hiyo. Niliwahi kumwona mtoto wa wauza pombe akifanya vile vile.

Halafu kulikuwa na vitu. Vipande vya matairi ya zamani, ambavyo alivichuna kwa kisu na kutoa nyuzi za ndani, nyeusi na za kahawia. Sweta za salaula, zile nguo za mitumba, alizozifumua mpaka zikawa mipira ya uzi. Magunia ya vitunguu ya rangi ya machungwa. Mabaki ya nyavu za Ba Chanda, ya kijani na bluu, ambayo alisema aliambiwa ayatupe. Sikumsikia Ba Chanda akimwambia hivyo.

Na kulikuwa na wanawake. Aliyekuja zaidi ni Bana Kasonde, yaani Mama Kasonde, jirani yetu, muuza samaki mwenye sauti nene. Siku moja aliingia ameficha kitu chini ya chitenge, akatoka mikono mitupu. Nikamuuliza mama mukubwa ameleta nini. Akasema chumvi. Hakuna mtu anayeficha chumvi vile. Wengine walikuja, wanawake wazee ambao sikuwajua, mmoja alitoka Kilwa, kile kisiwa cha ziwa letu, na mtumbwi wa watu wa sokoni. Waliingia, mlango ukafungwa, nikasikia wakizozana kwa sauti ndogo: hapana, hapo pana sana, punguza, kaza hapo. Nilijua wanazozania nini. Wanapanga wavu. Kila mmoja atapata sehemu yake ziwa likiwa bado limefungwa.

Siku moja alikwenda kununua unga nami nikaingia chumbani nikavuta furushi kutoka chini ya kitanda. Ulikuwa wavu. Una kamba ya juu ya bluu kama nyavu zote, umekunjwa vizuri, mzito kuliko ulivyoonekana. Kile chumba hakikuwa na dirisha. Niliupapasa zaidi ya kuuona. Nikaweka vidole vitatu, havikupita. Nikaweka kimoja, hakikupita. Mahali pengine macho yalikuwa mapana, mkono mzima unaingia, halafu ghafla yanabanana mpaka hata ncha ya penseli isingepenya. Sikuwa nimewahi kusikia wavu wa namna hiyo. Nikafikiri: huu ni wavu mbaya kuliko wote.

Nilipoinua kichwa mama mukubwa alikuwa amesimama mlangoni na unga wake. Aliuchukua wavu kutoka mikononi mwangu, akaukunja kama ulivyokuwa, akaurudisha chini ya kitanda.

"Nawa mikono," alisema. "Ukule."

Ni hayo tu. Tangu siku ile nilijua kwamba anajua kwamba najua.

Mama aliporudi kutoka Mansa hakuchukua muda mrefu kuuona. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimelala na homa kidogo, na ule ukuta ulikuwa wa matofali mabichi usiozuia neno.

"Yaya, hii nyavu itatuleteya kesi," mama alimwambia dada yake. "Hatuna hata papie moja ya kukaa huku. Bakikuta hii, banatubeba siye batatu, banaturudisha kule."

"Si nyavu."

"Ni nini?"

"Ni batu," mama mukubwa alisema.

Mama akasema asimfanye mtoto. Mlango ukagongwa, mazungumzo yakaisha. Lakini mimi nilibaki na lile neno. Wavu wa watu. Tulikuwa tumesikia kila kitu kuhusu ziwa lile: waliozama wakivuka wakati wa vita, wasioonekana tena, na wale ambao walisemekana wanaita watu majini kwa kazi zao. Sikumwona tena mama mukubwa kama mtu aliyekuwa anavunja sheria ya samaki. Ilikuwa kubwa zaidi: niliamini wavu ule ni wa kunasa watu. Tulipokwenda kuchota maji nilikataa kutangulia, nikataka yeye awe mbele ili nimwone mikono. Aligeuka akaniangalia. Nadhani aliumia. Kichwa changu kilipowekwa magotini pake nisukwe, nilikaza shingo, na kila alipokaza nywele nilifikiri habari za kaza hapo, punguza hapo.

Nilimpenda, hilo ndilo lililokuwa baya. Sikutaka achukuliwe. Sikutaka pia kulala naye chumba kimoja. Nilikaa na mambo hayo mawili, sikumwambia mtu. Nalisema hapa kwa sababu ni kweli: sikumwambia mtu yeyote. Si mwalimu, si wasichana wa jirani, si mama.

Siku watu wa samaki, wale wa serikali, walipokuja, mama hakuwa safarini. Asubuhi alikuwa ametoka amevaa nguo yake ya kanisa, na haikuwa siku ya kanisa. Aliporudi alikaa nje, akachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Walikuja watatu, kwa gari la wazi. Mmoja alikuwa mkubwa wao, mtu mrefu mwenye adabu, aliyemsalimia mama mukubwa kwa kupiga makofi kidogo kama inavyotakiwa. Halafu wakaingia ndani. Hawakuuliza nyumba ni ya nani. Hawakupekua jikoni, hawakufunua mapipa, hawakuchungulia nyuma ya choo ambako watu wote huficha. Walikwenda moja kwa moja chumba kile, chini ya kitanda kile, wakatoka na mafurushi matatu. Mimi nilikuwa najua moja tu.

Hata mtoto aliona kwamba wameambiwa. Na mama mukubwa, alipowafuata, aligeuka mara moja akatutazama. Tulikuwa wawili mlangoni, mama na mimi. Niliamini ananitazama mimi.

Kwenye mchanga palikuwa na rundo la nyavu zilizokusanywa toka vijijini, na watu walikuwa wamejaa kama kawaida, kwa maana moto wa serikali hauna kiingilio. Wasichana wa jirani walikuwepo. Ba Chanda alikuwepo, amekunja mikono, anatazama nyuzi zake za kijani. Yule mkubwa akatandaza furushi la kwanza chini, akatoa kipimo chake, akakiweka hapa na pale. Akatikisa kichwa. Lilitupwa. La pili pia. Nailoni haiungui kama kuni, inajikunja, inalia, inadondosha matone. Moshi ukatambaa kwenye miguu yetu.

Furushi la tatu lilipotandazwa ndipo mama mukubwa aliposogea. Hakulia, hakupiga magoti. Alisema kwa Kiswahili, maana Bemba yake ilikuwa ya sokoni tu:

"Muisimamishe kwanza. Muitazame mu jua."

Yule mkubwa hakuelewa, au alielewa akaona ni ujanja. Akainama kulikunja. Hapo Bana Kasonde akapita katikati ya watu na beseni lake la samaki kichwani, akaliweka chini, akashika pembe moja ya kamba ya bluu. Akamwita mwenzake kwa jina, mwanamke mwingine akashika pembe ya pili. Wakainua mikono.

Jua lilikuwa upande wa ziwa. Na pale nilipokuwa nimesimama niliona uso.

Mpaka leo sijui nieleze vipi. Chini, kwenye mchanga, ulikuwa wavu. Ukisimama na mwanga nyuma yake, mahali macho yalipobanana pakawa giza na mahali yalipokuwa mapana pakawa mwanga, na kutokana na giza lile na mwanga ule akatoka mwanamke. Mashavu, kitambaa cha kichwa, mdomo uliofunguka. Mkononi ameshika kalindula, lile gita la besi, la debe na shingo ndefu ya mti. Aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza kama nyuzi zake ziko sawa. Upepo ukipita, kifua kinapanda.

Watu waliokuwa wanacheka wakaacha. Mzee mmoja mvuvi, wa kisiwa cha Kilwa, akasogea mpaka karibu kabisa, ambapo haonekani tena mtu ila mafundo, halafu akarudi nyuma tena.

"Ni Bana Mulenga," alisema. "Ndiye aliyepiga kalindula siku nilipooa. Wanaume walimkataza. Akawaambia washike wenyewe, tuone."

Baadhi ya watu wazima wakacheka kicheko kingine. Ilionekana kwamba wengi walimjua. Mmoja akasema shavu la kushoto lilikuwa nene kuliko hivyo, Bana Kasonde akamjibu bila kushusha mikono kwamba la kushoto ndilo alilolala nalo, na kwamba yeye alikuwa mtoto wa mdogo wake na ndiye aliyeleta sweta yake ifumuliwe, ile nyekundu hapo kifuani, kwa hiyo anyamaze. Hiyo ndiyo ilikuwa chumvi.

Yule mkubwa alikuwa mtu mnyofu, namkumbuka hivyo. Aliona aibu na bado alikuwa na sheria yake mkononi. Akapima tena, kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye shingo. Akasema macho ni madogo. Akamuuliza mama mukubwa kama wavu huo unaweza kuvua samaki.

"Mutie mu maji," mama mukubwa akasema. "Mutaniambia."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Halafu akatafuta njia. Alisema wavu usio na kamba ya juu hauwezi kuning'inia majini, kwa hiyo si wavu. Akatoa kisu akaikata kamba ya bluu, akaichomoa yote, akaitupa mchangani. Bana Mulenga akaanguka mikononi mwa wale wanawake kama nguo. Yule mtu akasema hicho sasa ni kitambaa, mama achukue kitambaa chake.

Wale wawili wengine walikuwa wameshakuwa kitu kigumu cheusi kwenye majivu.

Jioni ile mama mukubwa alinipa chakula, akakaa na mimi mlangoni, akanieleza waliokuwa nani. Hakutazama upande wangu alipokuwa anasema. Wa kwanza aliyeungua alikuwa mwanamke wa Amerika, mweusi kama sisi, aliyepiga piano zamani sana. Marehemu mume wa mama mukubwa alikuwa na sahani ya muziki yenye picha ya mwanamke huyo, naye mama mukubwa aliitazama picha ile miaka mingi mpaka vita vikachukua nyumba na sahani. Wa pili alimwona mwenyewe, alipokuwa bibi harusi mpya kwenye kambi ya wachimba madini kule Likasi: mwanamke anapiga gita mbele ya wanaume na mtoto amelala mgongoni. Wa tatu hakuwahi kumwona. Bana Mulenga hakupigwa picha maishani mwake. Uso wake ulitengenezwa kwa maneno ya wanawake waliokuja mchana, kila mmoja akiukosoa: hapo pana, hapo punguza.

"Bale njo balianza," alisema. "Baliitwa malaya, balifukuzwa mu kanisa, na baliimba tu. Sasa kila mutoto wa mwanamuke anashika mikro, hajui nani alianza. Sauti inabakiya kidogo mu redio. Lakini sura inapotea."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama kwamba ni waimbaji. Akanyoosha kidevu kuelekea ndani, ambako mama alikuwa anasali kwa sauti.

Ndiyo sababu alificha. Nililielewa hilo siku ile ile. Lakini jambo la nani aliyewaambia watu wa samaki lilibaki, na lilikaa nyumbani kwetu kama mtu wa nne. Nilimshuku Ba Chanda kwa ajili ya nyuzi zake. Niliwashuku wasichana wa jirani. Nilimshuku mchungaji. Nilimshuku hata Bana Kasonde, kwa sababu alitokea haraka mno na beseni lake. Nilikua hivyo, nikitazama mikono ya watu. Na nilijua, nilidhani najua, kwamba mama mukubwa ananishuku mimi. Alinikuta na wavu mikononi. Aligeuka pale mlangoni akatutazama. Na hakuniuliza. Kama angeniuliza ningemwambia kwamba sikusema, naye angeniamini, sikuwahi kumdanganya. Lakini hakuuliza, na mtu hawezi kwenda tu kusema si mimi wakati hakuna aliyesema ni wewe.

Hakubadilika kwangu. Alinilipia shule mpaka darasa la saba, akanifundisha sindano, akanifundisha kusoma uso wa mtu kama giza na mwanga. Baada ya siku ile alifanya kazi mlango ukiwa wazi. Alitengeneza wanawake wengine, mmoja alipelekwa Lusaka na sijui alifika wapi. Wale wawili walioungua hakuwarudia. Alisema mkono hauko tayari. Na Bana Mulenga alimtundika chumbani kwa misumari, bila kamba, akabaki amelegea juu, uso umepinda upande. Nilimwomba mara nyingi nimtie kamba mpya. Kila mara alisema aachwe hivyo.

Sasa narudi siku ya mazishi. Nilipomaliza kulia niliingia chumbani nikamtoa Bana Mulenga kwenye misumari yake. Nilitaka tumtundike kwenye mlango wa ua, mbele ya wanawake wa matanga waliokaa wakitazama ziwa, kwa sababu mle ndani, bila mwanga nyuma yake, alikuwa nyuzi na mafundo tu. Nikamtandaza magotini, nikaanza kutafuta kamba.

Mama alikuja akakaa karibu yangu. Ni mzee sasa, magoti yanamsumbua. Bado ni mtu wa maombi. Alikuwa na mfuko wake wa kanisa, akaufungua, akatoa chini ya kitabu cha nyimbo kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa kamba ya bluu. Ncha moja ilikuwa imekatwa kwa kisu na kufumuka kama brashi. Niliijua kabla hajaiweka mikononi mwangu.

"Ulitoa wapi?" nilimuuliza.

"Niliokota. Siku ile, batu balipoenda."

Nikangoja. Wanawake walikuwa wanaimba taratibu nje.

"Mi njo niliita bale batu," mama alisema. "Niliendaka asubui, nikaongea na mukubwa wao. Nilimuambia chumba na kitanda. Akaniapia atabeba nyavu tu, batu hatabagusa. Mi nilijua ni nyavu. Niliona: bakiikuta benyewe, banatufukuza wote. Wee ulikuwa mudogo."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimekaa na swali lile muda mrefu mno, mikono yangu ilikuwa tupu lilipoondoka.

"Mama mukubwa alijua?"

"Alijua."

"Alikuambia?"

"Hapana. Hakuniuliza hata siku moja. Kama hangejua, angeniuliza."

Nikamwambia kwamba mimi nilidhani ananishuku mimi. Kwamba nilidhani lile kutouliza ni langu. Mama akaniangalia kwa mshangao kabisa, kama vile nimemtajia mtu asiyemjua.

"Weye?" alisema. "Weye ulikuwa mutoto."

Halafu akaomba kiberiti. Ile ncha iliyofumuka isingepita kwenye macho madogo. Mama akawasha njiti, akaishika ncha juu ya moto mpaka ikayeyuka, akaibana kwa vidole vyake bila kujali, akaigeuza geuza ikawa nyembamba na ngumu kama sindano. Harufu ikatufunika sote wawili. Akanipa. Nikaanza kupitisha, jicho moja baada ya jingine, kutoka upande wa kushoto, naye akanishikia mzigo usivute.

Tulimpeleka mlangoni. Mama alisimama juu ya kiti upande mmoja ingawa nilimkataza, mimi upande mwingine. Jua lilikuwa limeshuka juu ya ziwa, na mitumbwi ya siku ya kwanza ilikuwa imeanza kurudi. Wanawake wa mkekani waliinua macho. Wimbo wao ukapungua, ukabaki kwa wachache. Mmoja, mgeni kutoka kanisa la mama, akauliza yule ni nani.

"Mwimbaji," mama alisema. "Wa kalindula. Yaya wangu njo alimufanya."

Kisha akanitazama juu ya kitambaa cha kichwa cha Bana Mulenga.

"Uko chini upande wako," alisema.

Nikavuta.